CPU Aliyoinyooshea Kidole Mama Petro

Singida mjini, Ijumaa jioni

Idrisa mwanangu,

Sikuulizi hali, maana mchana nimekuona ukimaliza sahani mbili za wali na kudai ukoko. Habari za kula, kuoga, kuficha pesa kwenye soksi na kutolala ndani ya basi, mama yako amezisema tangu Jumatatu na bado anazo nyingine. Mimi nina jambo moja, na ni baya, kwa hiyo nalisema mwanzo kabla sijapata nafasi ya kulizungusha. Kompyuta uliyoifunga kwenye katoni juzi siyo iliyomo humo sasa.

Iliyomo ni ile nyeupe yenye mchubuko ubavuni, tuliyomuuzia Mama Petro wa Mtinko. Yako, ile nyeusi, iko kwake tangu jana. Nimeipeleka mwenyewe ulipokwenda Itigi kumuaga dada yako Zaina. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungesema hapana, au ungesema ndiyo kwa ile sauti yako ya kumridhisha mzazi, na mimi nisingejua ipi ni ya kweli.

Najua nimekufanyia nini. Mjomba wako amekupa kona ya duka lake Kariakoo kwa sharti la kwenda na mashine yako, na mpango wako wa kuchezesha vijana gemu mpaka upate kodi ya chumba ulisimama juu ya ile nyeusi. Sasa unakwenda na mashine ambayo wewe mwenyewe ulinionyesha kuwa haiwezi. Kasirika, una haki. Lakini kasirika huku unasoma, kwa sababu habari ya kompyuta siyo mbaya kuliko yote niliyokufanyia jana.

Saa hizi uko Unyambwa kwa bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka akushibishe mlenda. Nina muda. Mama yako anapiga pasi mashati yako na kila akipita mlangoni anauliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia ni maagizo. Amecheka, akasema maagizo yangu hayajawahi kuzidi mistari miwili.

Nianzie mbali kidogo. Mimi nimekuwa mtu mzima katika nchi isiyokuwa na vitu viwili vya kulinganisha. Sabuni ilikuwa sabuni, ukiipata. Hukuuliza ipi nzuri, uliuliza kama ipo, na ukiambiwa ipo ulikimbia kumwita mkeo aje apange foleni na mtoto mgongoni. Kisha milango ikafunguliwa. Mitumba ikamwagika, zikaja saa, redio, betri za kila jina, na sisi tuliokuwa hodari wa foleni tukajikuta mbele ya meza iliyojaa, hatujui kuchagua. Tulichagua kwa uzito, kwa mng'aro, au kwa jina lililosikika redioni. Wajanja wakaliona hilo mapema. Mimi nilikuwa mmoja wa wajanja, nikajipongeza sana.

Ujanja wenyewe niliurithi. Babu yako, Mungu amrehemu, alishuka na treni Itigi akitokea pwani, akamuoa bibi yako Mnyaturu, akauza asali stesheni. Nimekulia kwenye changarawe za reli nikinyanyua chupa kuzifikisha madirishani. Abiria anachungulia, ananyoosha kidole: ile pale. Babu yako alikuwa na kauli moja ya biashara, na aliirudia kuliko alivyorudia jina langu. "Mpe alichonyooshea kidole." Akinyooshea chupa ambayo juu ina asali safi na chini imejaa masega na nyuki waliokufa, ni yake. Yeye hakuuliza, wewe hukusema. Honi ikilia, mambo yamekwisha. Hakuna abiria aliyewahi kurudi kutoka Kigoma kulalamikia asali.

Kauli ile ndiyo niliyokuja nayo hapa mjini, nikafungua nayo duka. Sikukaa hata siku moja nikafikiri kwamba ilikuwa kauli ya dirisha la treni. Hapa mteja ni jirani. Leo unamuuzia, kesho mnakutana msibani mnashika jeneza upande mmoja. Nilizichanganya biashara mbili ambazo hazifanani, na kwa kuwa faida ilikuwa inaingia, nani angeniambia?

Unaikumbuka siku nilipozileta zile kompyuta mbili kutoka Dar. Nilikuwa na uhakika wote. Kioo ni kioo, kile kiboksi ndiyo CPU. Muuzaji aliita CPU, wapagazi waliita CPU, na mpaka leo Singida nzima kile kiboksi kinaitwa CPU. Kwa hiyo pale dukani kwa muuzaji nilizinyanyua CPU zangu moja moja, kama ninavyonyanyua kuku nikitaka kujua kama ana nyama au ni manyoya tu. Nyeusi ilikuwa nzito, ina stika ya lile jina kubwa, na namba yake ya kasi ni elfu moja na mia tano. Nyeupe ilikuwa nyepesi, ina mchubuko, jina la stika yake hata muuzaji alilitamka kila mara kivingine, na namba yake ni elfu moja na mia tatu. Bei ya nyeusi ilikaribia mara mbili ya bei ya nyeupe. Niliinunua kwa fahari. Nyeupe niliinunua kwa sababu kwenye gari ilibaki nafasi.

Vijana walipoziona kwenye chumba chetu cha gemu, siku hiyo hiyo wakazipa majina. Nyeusi ikawa Mheshimiwa, nyeupe ikawa Kibarua. Wakagombania Mheshimiwa mpaka nikaweka zamu.

Wewe hukugombania. Ulisubiri Ijumaa nikiwa msikitini, na niliporudi nikakuta CPU zangu zote mbili ziko wazi sakafuni, matumbo nje. Nusura nikuchape. Ukaniambia, "Baba, CPU siyo boksi. CPU ni hii hapa." Ukaondoa feni, ukanionyesha kibamba kidogo, hakizidi biskuti. Nikakuuliza kama pesa yote ile nimelipa kwa ajili ya biskuti. Ukasema ndiyo, huo ndio ubongo, na mengine mengi yaliyobaki ni kabati lake.

Kisha ukafanya jambo ambalo mimi, mfanyabiashara tangu utoto, sikuwahi kulifanya. Ulitaka kujua kwa haki. Ukasema hatuwezi kuzilinganisha hivi hivi, kwa sababu kadi ya picha ya Mheshimiwa ni nzuri zaidi, na tukimwona anashinda hatutajua kama ni ubongo au ni kadi. Ukaihamisha kadi ile ile na memori ile ile, ukazitia kwanza huku, kisha kule. Gemu ile ile ya magari, mji ule ule, mvua ile ile inanyesha. Ukaniweka kwenye kigoda. "Baba, usitazame nani anashinda. Tazama picha tu."

Nikatazama. Kwa Mheshimiwa, magari yalipojazana kwenye kona picha ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Kwa Kibarua ilitiririka. Nikasema haiwezekani, huyu ana elfu moja na mia tano na huyu ana elfu moja na mia tatu. Ndipo ukaniambia habari ya baiskeli.

"Ile namba ni idadi ya kukanyaga pedali, baba. Siyo umbali. Mheshimiwa anakanyaga mara nyingi kwa gia nyepesi. Kibarua anakanyaga mara chache kidogo, lakini kila akikanyaga anasogea zaidi."

"Sasa kwa nini wameandika pedali?"

"Kwa sababu wanunuzi wanasoma namba."

Nilicheka, lakini niliumia, maana mnunuzi aliyesoma namba alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Hata hivyo hukumpendelea Kibarua. Uliniambia pia ubaya wake: anachemka, anataka feni kubwa yenye kelele, na kwa vumbi letu hili na upepo huu tusipompuliza mara kwa mara ataungua. Ukasema kwa kuchapa barua na kupiga hesabu hutaona tofauti yoyote. Kwa gemu ni Kibarua. Kwa pesa iliyotoka mfukoni, ni Kibarua mara mbili. Ulisema yote hayo bila kujidai, ukarudisha skrubu, ukaniomba ruhusa ya kwenda kucheza mpira.

Mwanangu, usiku ule nilimwambia mama yako kwamba tumezaa hakimu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa kitu chochote nilichouza. Na hicho hicho kilichonifurahisha ndicho nilichokichukua baadaye nikakitumia kama bisibisi.

Vijana nao hawakuchelewa kugundua. Foleni ikahamia kwa Kibarua, Mheshimiwa akabaki anang'aa peke yake. Kila nikipita nikimwona amekaa bure na bei yake ile, roho inaniuma. Nikatafuta wa kumuuzia.

Akaja Mama Petro. Unakumbuka alivyokuja: kanga yenye vumbi la njiani, kapu la mayai, akasimama mlangoni asubuhi nzima bila kuuliza kitu. Yule ni mjane, ana banda la chai pale gulioni Mtinko, na shemeji yake ana mashine ya kusaga yenye jenereta, kwa hiyo alikuwa ameota kuweka chumba cha gemu nyuma ya mashine. Hakusoma stika wala namba. Alitazama vijana wanapanga foleni wapi. Kisha akaingia, akaweka kidole chake juu ya mchubuko wa Kibarua, akasema, "Baba Zaina, mimi nataka CPU hii. Ile nyeusi ya jina naona vijana wanaikimbia." Mwanamke ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alichagua sawasawa na wewe uliyezipasua.

Nikamwambia arudi kesho achukue. Jioni nikakuita.

Maneno yetu nayakumbuka yote, na ninayaandika ili ujue kwamba nayakumbuka. Nilikuambia utoe vya ndani vyote vya Mheshimiwa uvitie kwenye boksi jeupe, na vya Kibarua uvitie kwenye jeusi. Ukasema, "Baba, yeye amechagua nyeupe." Nikasema ataipata nyeupe, amenyooshea boksi na tunampa boksi. Ukasema, "Lakini hajui kama boksi siyo CPU." Na mimi nikakujibu, "Amesema anataka CPU hii. Kwa Kiswahili cha hapa, CPU ni boksi. Wapi nimemdanganya?"

Ukachukua bisibisi. Ulifanya kazi safi, hata nyaya ulizifunga vizuri, na mimi nilikaa pembeni nikinywa chai kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma.

Alipokuja kesho yake hakuniuliza mimi. Alikugeukia wewe. "Mwanangu, ndiyo ile ile ya jana?" Nikainama kutafuta kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nikakusikia ukisema, "Ndiyo yenyewe, mama." Akakuombea maisha marefu, akakupa mayai manne, akaondoka na mzigo wake kichwani mpaka stendi.

Wiki iliyofuata vijana walishangaa Mheshimiwa kaamka. Wakasema amepata nguvu kwa kuwa mpinzani wake kahama. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi. Nikageuka kukutafuta tucheke wote, nikakuta umetoka nje.

Tangu siku ile, Idrisa, hujalinganisha kitu tena mbele yangu. Ilinichukua muda mrefu kuliona. Nilikuuliza kati ya simu mbili ninunue ipi, ukasema zote nzuri, baba. Nikakuuliza kati ya jenereta mbili, ukasema zote nzuri. Dada yako alileta vitambaa viwili vya sherehe, wewe uliyekuwa huwezi kuona vitu viwili bila kuvipima, ukasema vyote vizuri. Nilidhani ni heshima, mtoto amekua, hataki kubishana na wazazi. Watu wakanisifu kwa kulea kijana mpole. Nikazipokea sifa.

Halafu juzi, Jumatano, mjomba wako akapiga simu. Ulikuwa uani na simu yangu, na unajua mjomba wako anavyoongea kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Nilimsikia akiuliza kama mteja akija hajui anachotaka utaweza kumshauri. Ukamjibu, "Usiwe na wasiwasi mjomba. Nitamwambia anachotaka kusikia."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na birika la udhu mkononi. Nimesikia kauli ya babu yako ikitoka kinywani mwako, imepigwa msasa, imekuwa laini kuliko alivyoisema yeye. Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kila mara nimeisikia ikisemwa kwa watoto wa wenzangu. Niliogopa. Sijui kama umewahi kuniona nikiogopa. Ukame sikuuogopa hivyo, wala siku duka lilipovunjwa.

Ndiyo maana jana alfajiri, mara tu basi lako la Itigi lilipoondoka, nikafungua katoni, nikaitoa nyeusi, nikaifunga kwa kanga ya mama yako, nikapanda pikapu ya Mtinko nimeipakata mapajani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na makorongo mengi.

Nilimkuta Mama Petro nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba chenyewe kipo, amekipaka chokaa, ameweka na benchi. Juu ya benchi magunia ya alizeti. Kompyuta iko kwenye kona, imefunikwa kitenge kisafi kuliko alichovaa yeye. Aliponiona alisimama ghafla, akaanza kujifuta mikono.

"Baba Zaina, nilijua siku moja utakuja. Naona aibu. Mashine yenu nimeiharibu."

Sikuelewa. Akaeleza. Mwanzo vijana walijaa, kisha wakasema inakwama, haifanani na ile ya mjini, wakaacha kuja. Yeye akadhani ni pumba za mashine ya kusaga zimeingia ndani. Akaziba dirisha. Akadhani ni umeme wa jenereta, akauza mbuzi akanunua stabilaiza. Alimchapa mwanawe Petro akidhani ameimwagia chai, na mtoto aliapa hakumwaga, na yeye hakumwamini. Akaniambia kwamba akija mjini hapiti tena mbele ya duka letu. Anazunguka nyuma ya soko, asije akakutana nasi tukamuuliza mashine inaendeleaje.

Kwa muda wote ule mimi nilidhani ana hasira nasi. Kumbe alikuwa anatukimbia kwa aibu ambayo ilikuwa ya kwangu.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea, nikasema tu kwamba ubongo wa ndani niliubadilisha, kwamba Kibarua aliyemchagua hakumpata, na kwamba amempata leo, yuko ndani ya hiki kiboksi cheusi. Alikaa juu ya gunia. Mashine ya kusaga ilikuwa inapiga kelele, na nilishukuru kwa kelele zile.

"Mlibadilisha," akasema.

"Nilibadilisha."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ile nyeusi ilinigharimu sana na ilikuwa imekaa bure. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, sikupata jingine. Akaniangalia. "Na mimi je, Baba Zaina?" Akasema kwa Kinyaturu kitu ambacho bibi yako husema mtu anapofiwa, siyo kwangu, ni kama alikuwa anajisemea. Nikadhani amemaliza. Nikaanza kufungua kanga.

Ndipo akauliza, "Na yule kijana wako? Yeye alijua?"

Idrisa, nikasema, "Hakujua."

Lilitoka upesi kuliko pumzi. Na uso wake ukabadilika pale pale, ukafunguka. Akasema, "Nilijua mimi. Yule alinitazama usoni akaniambia ndiyo yenyewe, mama. Mtoto hawezi." Akaniuliza uko wapi, nikasema unasafiri Jumamosi kwenda kuanza maisha. Akasema, "Basi Jumapili nitamtaja kanisani, wamuombee. Nitasema ni mtoto asiyejua hila, na Mungu amtangulie huko aendako."

Nikasema ahsante. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye mvi, nikasema ahsante.

Nimerudi na nyeupe mapajani na sikuona njia. Nilikwenda kuondoa uongo mmoja nyumbani kwa yule mama, nikamwachia mwingine mpya, na huu wa pili ameupenda. Siogopi kwamba utatajwa kanisani, dua ya mjane haiulizi msikiti. Naogopa kwa sababu Jumapili watu wa Mtinko watainamisha vichwa kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo wewe unajua siyo kweli, na utakuwa umekaa Kariakoo, mteja wako wa kwanza anakuuliza kama mashine yako inafaa kwa gemu.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile. Nikajidanganya kidogo kwamba nilikulinda. Lakini siku ile ya bisibisi pia nilidhani ninakulinda, ninakutafutia ada ya shule. Ukweli ni kwamba sikuweza kusimama mbele ya mtu na kusema kwa sauti kwamba nilimchukua mwanangu, aliyekuwa na macho ya haki kuliko ukoo mzima, nikamfundisha kusema ndiyo yenyewe. La kwangu niliweza kulisema. Hilo nilishindwa.

Mama yako anajua habari ya kompyuta. Alininunia jana kutwa kwa ajili yako, leo ameanza kunipa chai. Hilo la pili hajui.

Wala sikuombi uahirishe safari. Nimepita stendi mchana, nimeuliza, tiketi yako inaweza kusogezwa hadi Jumatatu bila kuongeza kitu, lakini nimeuliza tu. Nimefikiri pia kwenda Mtinko peke yangu kesho nikarekebishe kauli yangu, na nimeona kwamba nikienda nitakuwa nimekusemea tena. Mara moja niliinamia kamba nikakuacha ujibu kwa niaba yangu, jana nikajibu kwa niaba yako, na zote mbili zilikuwa uongo. Sitaki ya tatu, hata kama ingekuwa kweli.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome ukirudi kutoka kwa bibi yako. Basi la Dar na pikapu ya Mtinko huondoka stendi moja, karibu wakati mmoja. Ukiamua kupanda basi, nitakubebea katoni mpaka mlangoni, sitasema neno mbele ya mama yako, na wala sitakupenda pungufu. Ukiamua Mtinko kwanza, gonga mlango wangu. Nimekwisha toa viatu vyangu uvunguni.

Ni mimi baba yako,
ninayekusikiliza ukirudi.